Pikipiki Katika Mwendo wa Pole: Somo la Mizani Kutoka Holili

Msomaji aliyepata kusimama kwa nusu saa katika mpaka wa Holili, tambarare iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro upande wa mashariki ya Moshi, ameona jambo ambalo pengine hakulitafakari. Pikipiki yenye gunia la mahindi nyuma ya dereva hutoka Himo ikipita katika lami imenyooka kama uzi. Ikifika penye foleni ya malori, karibu na Kituo cha Pamoja cha Forodha kilichofunguliwa mwaka 2016, hulazimika kwenda kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Hapo ndipo usukani huanza kutikisika kushoto na kulia, na miguu ya dereva hushuka kutafuta ardhi. Mashine ni ile ile, mzigo ni ule ule, na dereva ni yule yule. Kilichobadilika ni mwendo tu. Kwa nini basi chombo kinakuwa kigumu pale kinapokwenda polepole?

Jibu linalotolewa mara nyingi madarasani ni kwamba magurudumu yanayozunguka hufanya kazi kama pia, na pia ikipungua kasi huanguka. Mimi nilifundishwa hivyo, na kwa miaka kadhaa nilifundisha hivyo hivyo. Jibu hili lina ukweli kidogo tu. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones alieleza jinsi alivyotengeneza baiskeli yenye gurudumu la ziada lililozunguka kinyume, ili kuondoa nguvu hiyo ya pia, na bado aliweza kuiendesha. Mwaka 2011 wataalamu wa Delft, Uholanzi, na wa Cornell, Marekani, walionyesha kwamba chombo cha magurudumu mawili chaweza kujisimamisha chenyewe hata kama nguvu hiyo imeondolewa kabisa. Kwa hiyo lazima tutafute sababu kubwa zaidi mahali pengine.

Chukua ufagio uusimamishe wima juu ya kiganja. Ukiinama kulia, mkono wako hukimbia kulia ili kurudi chini ya kitovu cha uzito wa ufagio. Pikipiki haina mkono, ina magurudumu. Ikiinama kulia, dereva hugeuza usukani kulia kidogo; magurudumu hupinda njia na kurudi chini ya uzito. Dereva aliyezoea hufanya hivyo bila kujua, mara nyingi katika kila dakika.

Sasa tujiulize usukani unahitaji kugeuzwa kiasi gani. Kwa pembe ndogo, hesabu ni hii:

pembe ya usukani = pembe ya kuinama × gL ÷ v²

ambapo g ni 9.8, L ni umbali kati ya vitovu vya magurudumu mawili (katika pikipiki za kawaida za biashara ni kama mita 1.25), na v ni mwendo kwa mita katika sekunde. Mwendo umo katika kipeo cha pili, na humo ndimo ilimo siri yote. Kwa kilomita 40 kwa saa, pikipiki iliyoinama nyuzi 1 husahihishwa kwa kugeuza usukani sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Jicho haliwezi kuona. Kwa kilomita 20 ni nyuzi 0.4. Kwa kilomita 10 ni nyuzi 1.6. Kwa kilomita 5, mwendo wa foleni ya Holili, ni nyuzi 6.3. Usukani wenyewe hufika mwisho wake kwenye nyuzi 40 hivi. Kwa hiyo basi, katika mwendo huo pikipiki ikiinama kupita nyuzi 7 au 8, hakuna ufundi wa usukani utakaoinyanyua. Ni mguu, au ni kuongeza mwendo.

Tuongeze jambo la pili, nalo ni muda. Kitu kirefu kinachoanza kuanguka huongeza mwinamo wake kwa kuzidisha. Kama kitovu cha uzito kiko mita 0.8 juu ya ardhi, kipimo cha muda huo ni kipeuo cha pili cha 0.8 ÷ 9.8, yaani sekunde 0.29 hivi. Mwili wa binadamu huchukua kama sekunde 0.2 tangu kuhisi hadi kutenda. Katika muda huo mwinamo wa nyuzi 1 umekwisha kuwa nyuzi 2, na usukani unadai nyuzi 12 na zaidi. Dereva anachelewa, anageuza mno, pikipiki inalalia upande wa pili, naye anageuza tena. Huko ndiko kutikisika tunakokuona.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: ufagio mrefu ni rahisi kuusimamisha kuliko penseli, je, mzigo ukiwekwa juu zaidi pikipiki haitakuwa rahisi? Swali ni zuri, wala lisipuuzwe. Ni kweli kwamba kitovu cha uzito kikipanda hadi mita 1, muda unaongezeka kuwa sekunde 0.32. Ni kweli pia kwamba katika mlingano wetu wa usukani uzito haumo kabisa. Lakini faida hiyo ndogo hulipiwa ghali. Pikipiki ya kilo 110 na dereva wa kilo 70, ikilala nyuzi 10, humdai dereva momenti ya nyutoni-mita 245 hivi ili aizuie kwa mguu. Ongeza gunia la kilo 100 na upandishe kitovu hadi mita 1: momenti inakuwa 477. Mguu ulioweza jana hauwezi leo. Tena ufagio ni kitu kimoja kigumu, ambapo gunia lililofungwa kwa mipira iliyolegea hufuata mwinamo kwa kuchelewa, kisha husukuma wakati dereva amekwisha kusahihisha. Abiria wa mishikaki, wawili au watatu nyuma ya dereva, hufanya vivyo hivyo, na wao hata hawafungwi.

Mlimani mambo huzidi. Kutoka Himo kupanda kuelekea Marangu, mahali ambapo njia hupanda mita 1 kwa kila mita 8, uzito uliotajwa huhama kutoka gurudumu la mbele kwenda la nyuma kwa kiasi cha asilimia 10, yaani kilo 28. Gunia limekwisha kulipunguzia gurudumu la mbele sehemu yake. Likipunguziwa tena, tairi haligandi vizuri katika vumbi, na usukani unageuka bila kupinda njia. Dawa ni kuuleta mzigo mbele na chini kadiri iwezekanavyo, na dereva kusogea mbele.

Ufundi wa mwendo wa pole, basi, wafuata hesabu hiyo. Injini yenye silinda moja, ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, husukuma mara 12 au 13 tu kwa sekunde, kwa hiyo ikiachwa izunguke taratibu mno huirusha pikipiki kwa vishindo. Dereva hodari huacha injini izunguke kwa kasi iliyo sawa, huiachia klachi nusu ili iteleze, na hugusa breki ya nyuma kwa wepesi. Mnyororo hubaki umekazwa na mwendo hubadilika bila mshtuko. Breki ya mbele haiguswi wakati usukani umegeuzwa, kwani hunyang'anya mwendo ghafla pale ambapo v² tayari ni haba. Macho hutazama mbele, pale anapokwenda. Anayetazama gurudumu huona kosa likiwa limekwisha kutendeka. Klachi ya pikipiki nyingi imo ndani ya oili na huvumilia kuteleza kwa muda mfupi, ingawa si kwa foleni nzima.

Wako wasemao kwamba kofia ngumu ni ya barabara kuu. Kichwa cha dereva aliyeketi kiko kama mita 1.5 juu ya ardhi. Kitu kikianguka toka kimo hicho hufika chini kwa mita 5.4 kwa sekunde, karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama pikipiki ilikuwa imesimama kabisa. Daktari Hugh Cairns, aliyemhudumia T. E. Lawrence baada ya ajali yake ya pikipiki mwaka 1935, alichapisha mwaka 1941 uchunguzi wake juu ya majeraha ya vichwa vya waendesha pikipiki na faida ya kofia. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea majeruhi wa namna hiyo hadi leo.

Mwalimu aweza kulithibitisha somo hili bila pikipiki. Mwagieni maji gurudumu la mbele na la nyuma la baiskeli, kisha mwanafunzi apite katika uwanja wa vumbi mara tatu: kwa kasi, kwa wastani, na polepole kama katika mashindano ya baiskeli ya mwendo wa pole. Alama mbili zitaonekana, na ile inayopinda zaidi ni ya gurudumu la mbele. Pimeni kwa rula upana wa mapindo katika kila safari, gawanyeni umbali kwa muda ili kupata mwendo, kisha choreni grafu ya upana dhidi ya mwendo. Rudieni mwanafunzi akiwa amebeba mfuko wa mchanga wa kilo 10, kwanza ukiwa umefungwa kwa nguvu kwenye keria, kisha ukiwa umelegezwa.