MKIA UKIMSHINDA MBWA

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Nami naongeza kuwa kunyamaza ilhali unajua ndio ujinga wenyewe. Hebu nikusimulie, kisha tujifunze.

Likizo ya Agosti nilikuwa kwa mjomba wangu huko Kinangop. Mjomba ana pikapu ndogo ya kilo 1,100 hivi ikiwa tupu. Siku hiyo aliifunga trela akapakia magunia 24 ya viazi, kila gunia kilo 50. Piga hesabu: viazi kilo 1,200, trela yenyewe kilo 400, jumla kilo 1,600. Mkia ulimzidi mbwa! Tena magunia mengi aliyapanga nyuma kabisa. "Sitaki springi za gari zilale," alisema. Binamu yangu akapanda juu ya magunia. Fizikia nilikuwa nimesoma, na niliona mambo si mambo. Lakini ati mtoto amfundishe mjomba? Nikafyata ulimi.

Kutoka Kinangop, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, hadi Naivasha, mita 1,900 hivi, ni kuteremka tu. Gari likashika kasi, trela ikaanza kuyumba. Mjomba akakanyaga breki. Wapi! Trela ikatusukuma kando mpaka tukagonga ukingo wa barabara. Binamu alirushwa kichakani, akavunjika mkono. Tulishukuru Mungu kuwa ni mkono tu.

Sasa somo lenyewe.

Kwanza, uzito. Kila gari lina kiwango cha kukokota, nacho kimeandikwa katika kitabu chake. Usiulize tu kama injini itavuta. Uliza kama breki zitasimamisha. Trela isiyo na breki huziachia breki za gari kazi yote.

Pili, upakiaji. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela na mzigo wake hukalia kishikio. Kwa kilo 1,600, asilimia 10 ni kilo 160. Ikipungua, trela huyumba. Ikizidi, magurudumu ya mbele ya gari huwa mepesi na usukani haushiki vizuri. Basi weka mzigo mzito juu ya ekseli ya trela, uegemee mbele kidogo.

Tatu, mwendo. Ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nishati ya mwendo haiongezeki mara mbili bali mara nne! Kabla ya mteremko, ingiza gia namba mbili ili injini isaidie kuzuia. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, zikakosa nguvu.

Nne, trela ikiyumba, toa mguu kwenye mafuta polepole na ushike usukani umenyooka. Usikanyage breki kwa ghafla wala kuongeza kasi.

Tano, funga minyororo miwili ipishane chini ya kishikio, na mtu yeyote asipande trela.

Mjomba alipotoka hospitalini kumwona binamu, nilimweleza haya yote. Alinitazama kitambo, akasema, "Na mbona hukuniambia mapema?" Sikuwa na jibu. Mwanafunzi mwenzangu, heshima kwa wakubwa si kufunga mdomo hatari inapokuja. Elimu ya darasani ikibaki daftarini, inamfaa nani?