Buibui wa Ukutani Anayewinda Mbu Walioshiba Damu

Kijitabu kwa kaya za ukanda wa Ziwa Victoria

Ukiishi karibu na Ziwa Victoria, upande wa Kenya au Uganda, huenda umeshamwona: buibui mdogo, mfupi, mwenye vinyweleo, anayetembea kwa kushtukashtuka ukutani. Hasuki utando wa kunasia wadudu. Ukimsogelea, aghalabu hukugeukia kwanza na kukutazama kwa macho mawili makubwa ya mbele. Urefu wake ni kama milimita 5. Punje ya mchele humzidi. Wengi wetu humfagia au kumkanyaga bila kuwaza. Tumeandika kijitabu hiki kuomba aachwe, na kueleza sababu.

Jina lake la kisayansi ni Evarcha culicivora. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na Wanda Wesołowska, mtaalamu wa buibui kutoka Poland, pamoja na Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand. Utafiti wake umefanyika zaidi Mbita, kaunti ya Homa Bay, kwenye kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970. Wanasayansi wanamjua kutoka ukanda wa ziwa hili tu.

Vipi aitwe mpya?

Wenyeji wa Mbita wameishi na buibui huyu vizazi na vizazi. Upya wake ni wa kwenye vitabu vya sayansi. Kabla ya spishi kuingia humo, lazima mtu athibitishe kwamba haijawahi kuelezwa mahali pengine popote, na kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko kumkamata buibui mwenyewe.

Buibui huhifadhiwa kwenye spiriti, kisha hutazamwa kwa hadubini. Rangi na ukubwa havitoshi, maana ndugu zake wengi wamefanana naye. Mtaalamu huangalia viungo vya uzazi. Buibui dume hubeba mbegu zake kwenye viungo viwili vifupi vilivyo karibu na mdomo, vyenye ncha zilizovimba; jike ana kibamba kigumu chini ya tumbo, penye tundu za kupokelea mbegu hizo. Umbo la viungo hivi hutofautiana baina ya spishi na spishi, kwa hiyo huchorwa kwa uangalifu, mkunjo kwa mkunjo, na kulinganishwa na vielelezo vya makumbusho. Mwishowe maelezo huchapishwa pamoja na jina, na buibui mmoja huteuliwa kuwa kielelezo rasmi. Atakayetilia shaka siku zijazo atarudi kumtazama huyo.

Orodha ya buibui wote duniani hutunzwa katika makumbusho ya Bern, Uswisi. Mwezi Aprili 2022 ilifikia spishi 50,000. Jamii ya buibui warukaji, ambamo huyu wetu yumo, ndiyo kubwa kuliko zote, ikiwa na spishi zaidi ya 6,000.

Kwa sababu hiyo hatukuombi umtambue kwa macho ukiwa umesimama mlangoni. Waache warukaji wote.

Anachokula

Hapa ndipo buibui huyu anapotofautiana na wenzake. Anapenda damu ya watu na wanyama, lakini mdomo wake haukuumbwa kutoboa ngozi yetu. Basi huipata damu hiyo kwa kumla mbu aliyekwisha kuinyonya.

Mwaka 2005 Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walichapisha matokeo ya majaribio yao. Walichukua wadudu waliokufa, wakawabandika wakiwa wamekaa kama wazima, kisha wakamwacha buibui achague. Upande mmoja palikuwa na mbu jike mwenye tumbo lililojaa damu. Upande wa pili paliwekwa mara mbu dume, mara mbu jike aliyelishwa sukari, mara wale wadudu wadogo wasiouma wanaotoka ziwani na kujaa kwenye taa zetu usiku. Mara nyingi buibui alimwendea mwenye damu. Alipozuiwa kuona na kuachiwa harufu peke yake, bado aliichagua harufu ya mbu mwenye damu. Wadudu wa ziwani ni wengi mno kuliko mbu katika mazingira yake, na angeweza kushiba kwa hao bila taabu. Yeye huwatafuta mbu.

Tena hachagui mbu yeyote. Katika mbu wote humpendelea Anofelesi, aenezaye malaria. Mbu huyu hutambulika kwa jinsi anavyotua: huinua tumbo juu, kichwa chini, ilhali mbu wa kawaida wa mitaroni hulaza mwili sambamba na ukuta. Vitoto vya buibui huyu, ambavyo ni vidogo kuliko windo lenyewe, vimeijua tofauti hiyo. Kitoto hakimwendei Anofelesi kwa mbele. Huzunguka hadi nyuma yake, kikapenya kwenye ule uwazi chini ya tumbo lililoinuka, halafu kikamrukia kutoka chini. Mbu akiruka, nacho kimeng'ang'ania hapo hapo mpaka mbu anaanguka.

Damu hiyo ina kazi nyingine tena. Majaribio ya Jackson na Fiona Cross yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba buibui aliyekula mbu wenye damu hutoa harufu inayowavutia wa jinsia ya pili, dume kwa jike na jike kwa dume. Mwaka 2011 wawili hao walionyesha kwamba anavutwa pia na harufu ya binadamu: soksi zilizovaliwa zilimvuta kuliko soksi safi. Usiogope kusikia hivyo. Hafuati damu ya mwilini mwako. Harufu yako humwelekeza mahali ambapo mbu watakuwapo.

Faida yake ni ipi?

Mbu akimuuma mgonjwa wa malaria leo, hawezi kumwambukiza mtu mwingine kesho. Vimelea huhitaji siku kumi hivi au zaidi ndani ya mwili wake kabla ya kufika kwenye mate. Na baada ya kunyonya, Anofelesi wengi hutua ukutani ndani ya nyumba ile ile, wazito, wakisubiri damu isagike na mayai yakomae. Buibui anayemkamata saa hiyo amemwondoa kabla vimelea havijakomaa, na kabla mayai hayajatagwa.

Hata hivyo tuseme wazi: buibui huyu hachukui nafasi ya neti. Mbu anayemla ni yule aliyekwisha kumuuma mtu. Laleni kwenye neti yenye dawa kila usiku, watoto na wajawazito wakiwa wa kwanza. Maofisa wa afya wakija kupulizia dawa ukutani, wapokeeni, hata kama buibui kadhaa watakufa. Mtu akipata homa, apimwe malaria bila kungoja.

Tunachokuomba ni kidogo. Unapofagia kuta, ondoa tandabui kuukuu ukipenda, ila mrukaji mdogo mpite. Akiingia kitandani, mfunike kwa kikombe, telezesha karatasi chini yake, ukamwachie nje. Asipokuwa windoni hujificha kwenye nyasi na mimea mifupi karibu na nyumba, kwa hiyo usinyunyizie dawa ya wadudu ovyo uani. Hunywa pia maji matamu ya mimea, na harufu ya mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, humvutia, sawa na ile ya lantana. Lakini usipande lantana kwa ajili yake: inavamia malisho na kudhuru mifugo, na ukandani kwetu imeshazidi. Usimpe mtoto mbegu za mbarika kuchezea, kwani zina sumu kali.

Walimu wa sayansi wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kumtazama mrukaji ukutani: anageuka vipi kitu kikisogea, anakwepa nini, anarukia kutoka umbali gani. Hakuna haja ya kumkamata wala kumuua. Lenzi ya mkono inatosha, pamoja na subira ya nusu saa.