Kwa Nini Kreti la Mbao Hufumuka Pembeni?

Kreti lililojaa nyanya linapofumuka njiani, mkulima hupoteza mazao yake hata kama hakuna ubao uliovunjika. Kilichoachia ni misumari ya pembeni, na sababu yake imo katika maumbile ya mti.

Ubao umejengwa kwa nyuzi ndefu zilizolala kufuata urefu wa shina. Msumari unaokingama nyuzi hizo huzisukuma kando, nazo huubana. Msuguano unaotokea ndio unaoushika. Ukipigiliwa kwenye ncha ya ubao, sambamba na nyuzi, hupenya kati yake tu, na hung'oka kwa urahisi.

Kwa hiyo mbao za ubavuni zisipigiliwe kwenye ncha za mbao nyingine. Ziwekwe kwanza nguzo nne ndogo za pembe, zenye unene wa sentimita 4 kila upande, kisha mbao zote zipigiliwe humo. Misumari ya pande mbili ipishane kimo, isije ikagongana ndani ya nguzo. Mbao ziwe kavu, kwani mbao mbichi husinyaa na kuilegeza misumari.

Darasani jambo hili hupimwa bila gharama. Misumari miwili inayolingana ipigiliwe kwa kina cha sentimita 1, mmoja ubavuni, mwingine kwenye ncha ya kipande kilekile cha mbao. Kila mmoja kwa zamu uelekezwe chini, ufungiwe ndoo kwa waya, na mchanga utiwe kidogo kidogo (miguu ikae mbali!) mpaka msumari uchomoke. Kisha ndoo ipimwe uzito.