Somo la Kumi na Mbili: Mama Aliyepigwa Aende Wapi?

Ndugu msomaji, leo tutasoma habari ambayo watu wengi huogopa kuisema. Ni habari ya mtu anayepigwa nyumbani kwake. Huenda ni jirani yako. Huenda ni dada yako. Huenda ni wewe mwenyewe. Soma polepole. Ukimaliza, jadili na wenzako katika darasa lenu la kisomo.

Mfano wa Mama Chausiku

Tuchukue mfano. Tuseme katika kijiji kimoja yupo mama aitwaye Mama Chausiku. Ana watoto watatu. Analima karanga na mahindi. Jioni huenda kwenye kisomo.

Siku moja aliuza debe mbili za karanga. Mume wake alizitaka fedha. Mama Chausiku alisema, "Hizi ni za sare za watoto." Mume alikasirika. Alichukua mpini wa jembe akampiga. Mkono wa kushoto ulivimba, hakuweza hata kushika ndoo.

Asubuhi alikwenda kwa mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkono umefanyaje?"

Alipoeleza, mama mkwe aliinamisha kichwa. Akasema, "Vumilia, mwanangu. Hata mimi nilivumilia."

Wazee wa ukoo wakaitwa. Walimtoza mume mbuzi mmoja. Mbuzi alichinjwa, akaliwa, maneno yakaisha. Baada ya miezi miwili mume alimpiga tena. Safari hii mkono ule ule ulivunjika.

Ndugu msomaji, jiulize. Yule mbuzi alimsaidia nani?

Si vibaya wazee kusuluhisha magomvi. Mume na mke wakigombana juu ya shamba au matumizi ya fedha, wazee wanaweza kuwapatanisha. Lakini kumvunja mtu mkono si ugomvi. Ni kosa la jinai. Kosa la jinai halilipwi kwa mbuzi.

Sheria inasema nini?

Watu wengine husema, "Mume ana haki ya kumrudi mke wake." Maneno haya si kweli.

Tanzania Bara ina Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 66 kinasema kwamba mume hana haki ya kumwadhibu mke kwa kumpiga. Mke naye hana haki ya kumpiga mume. Sheria hii inahusu ndoa zote: ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kimila na ya serikali. Hata mahari ikiwa imelipwa yote, haimpi mtu ruhusa ya kupiga.

Tena iko Sheria ya Kanuni za Adhabu. Mtu akimshambulia mwenzake na kumdhuru mwili, anaweza kufungwa hadi miaka 5. Akimwumiza vibaya zaidi, kifungo kinaweza kuwa kirefu zaidi. Sheria haiulizi kama aliyepigwa ni mke wake au ni mtu wa njiani.

Hatua ya kwanza: Okoa maisha

Ukiona hatari, ondoka. Nenda kwa jirani unayemwamini, kwa ndugu, kwa balozi au kwa mwenyekiti wa kitongoji. Chukua watoto. Ukiweza, chukua kitambulisho chako, cheti cha ndoa na kadi za kliniki za watoto. Ukishindwa kuvichukua, viache. Karatasi hufuatwa baadaye, uhai haufuatwi.

Mwenye simu anaweza kupiga 112 kuita polisi. Kama anayeumizwa ni mtoto, piga 116. Namba hiyo ni ya kusaidia watoto, nayo haitozi fedha.

Hatua ya pili: Polisi na matibabu

Nenda kituo cha polisi. Vituo vingi sasa vina Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo wapo askari waliofundishwa kusikiliza habari kama hizi faraghani. Eleza yaliyotokea. Utapewa namba ya taarifa, ambayo watu huiita RB. Iandike mahali pa usalama.

Ukiwa na jeraha utapewa fomu ya polisi namba 3. Watu huiita PF3. Fomu hii haiuzwi. Utaipeleka zahanati, kituo cha afya au hospitali. Mganga atakutibu, kisha ataandika humo majeraha aliyoyaona. Fomu hiyo itakuwa ushahidi mahakamani.

Kama damu inatoka nyingi au mtu amezimia, mpelekeni hospitali kwanza. Ndugu mmoja aifuate fomu polisi.

Aliyebakwa awahi hospitali siku hiyo hiyo. Asioge kwanza, wala asifue nguo alizovaa. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu. Kadiri anavyowahi ndivyo dawa inavyofaa zaidi. Katika hospitali kadhaa vipo vituo viitwavyo Mkono kwa Mkono. Hapo mganga, polisi na afisa ustawi wa jamii hukaa mahali pamoja, ili mwenye maumivu asizungushwe.

Daftari la Mama Chausiku

Mkono ulipovunjika, Mama Chausiku hakurudi tena kwa wazee. Mwenzake wa kisomo, Mama Tatu, alimsindikiza polisi.

Askari alimwuliza, "Mara ya kwanza alikupiga lini?"

Mama Chausiku alifungua daftari lake la kisomo. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika tarehe, siku, mahali, kitu alichopigiwa, na jina la jirani aliyesikia kelele. Alisoma moja baada ya jingine.

Askari akaandika maelezo yake. Alipomaliza alimpa karatasi na kusema, "Weka dole gumba hapa, mama."

Mama Chausiku akajibu, "Mwanangu, najua kusoma. Ngoja nisome kwanza."

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akasimama mahali pamoja. "Hapa pameandikwa mkono wa kulia. Mimi nimevunjika mkono wa kushoto."

Askari alitazama, akasahihisha. Ndipo Mama Chausiku akaandika jina lake.

Je, ndugu msomaji, unaona? Fomu ya mganga ingesema mkono wa kushoto. Maelezo yangesema mkono wa kulia. Mshitakiwa angesema, "Mama huyu anasema uongo." Neno moja lingeharibu kesi.

Kwa hiyo kumbuka: usiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hujaisoma au kusomewa. Hata karatasi iliyoletwa na ndugu wa mume kusema "tumesameheana", isome kwanza.

Hatua ya tatu: Msaada wa kisheria

Wengi husema, "Mimi ni maskini. Wakili nitamlipa kwa nini?" Jibu lipo. Mwaka 1998 wewe ungehangaika sana kulipata, lakini mwaka 2017 Bunge lilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria. Sheria hiyo inasema mtu asiye na uwezo apate msaada wa kisheria bila malipo.

Katika wilaya nyingi wapo wasaidizi wa kisheria. Hawa si mawakili, na hawasimami mahakamani kukutetea. Kazi yao ni kukueleza haki zako, kukusaidia kuandika barua na fomu, na kukuonyesha ofisi ya kwenda. Huduma yao ni bure. Mwulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako, au Mtendaji wa Kijiji, akuelekeze kwao.

Yapo pia mashirika yenye wanasheria. Mojawapo ni Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, kiitwacho TAWLA. Jingine ni Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Afisa ustawi wa jamii naye husaidia, hasa kuhusu watoto: wapi wakae, na nani awatunze.

Je, ndoa itavunjika?

Hili ndilo swali linalowafunga wanawake wengi midomo. Wanaogopa kukosa nyumba, shamba na watoto.

Kwanza, kushitaki kipigo si kudai talaka. Ni mambo mawili mbalimbali. Unaweza kushitaki kipigo na ndoa ikabaki.

Pili, anayetaka talaka huanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, nayo hupelekwa mahakamani. Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kusikiliza kesi hizo. Ukatili wa mume au mke ni sababu ambayo mahakama huitazama.

Tatu, mali iliyochumwa pamoja hugawanywa na mahakama. Zamani wengine walisema, "Mke hakuleta fedha, hana chake." Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Ilisema kwamba kazi za mke nyumbani, kama kupika na kulea watoto, ni mchango katika kupata mali. Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufani ile, lakini neno lile limewasaidia wanawake wengi baada yake.

Nne, kuhusu watoto, mahakama hutazama kwanza faida ya mtoto. Mtoto aliye chini ya miaka 7 kwa kawaida hudhaniwa ni vema akae na mama yake, ila ikionekana vinginevyo. Baba bado ana wajibu wa kumtunza.

Na wale ambao hawakufunga ndoa? Wakiwa wameishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wanawajua kama mume na mke, sheria huwadhania kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Jirani afanye nini?

Usiseme, "Ya ndoa hayaingiliwi." Ukisikia kilio, ita wenzako mwende pamoja. Mwite balozi. Mpe mama mahali pa kulala usiku ule. Msindikize polisi, maana njia ni ndefu kwa mtu aliye peke yake. Ukiitwa kutoa ushahidi, nenda ukaseme ulichokiona. Kesi nyingi hufa kwa kukosa mashahidi.

Na wewe ndugu mwanamume, somo hili ni lako pia. Hasira ikipanda, toka nje, tembea, rudi baadaye. Mtoto anayemwona baba akimpiga mama hujifunza kupiga. Na mwanamume anayepigwa nyumbani naye asione aibu. Njia ni hizi hizi.

Mwisho wa mfano wetu

Kesi ilisikilizwa. Jirani alitoa ushahidi. Fomu ya mganga ilisomwa. Mume alitiwa hatiani. Hakimu alimpa adhabu ya kutumikia jamii miezi 6, akafyeka nyasi za zahanati watu wakimwona. Pia aliamriwa kulipa gharama za matibabu.

Mama Chausiku alikaa kwa kaka yake mpaka mkono ukapona. Wazee walikuja kumwomba arudi. Alisema, "Nitarudi nikiona amebadilika. Na daftari langu nitarudi nalo."

Wahenga walisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Usifiche.

Maneno mapya

Jinai – kosa ambalo serikali humshitaki mtu.
Ushahidi – maneno au vitu vinavyoonyesha ukweli wa jambo.
Kutia hatiani – mahakama kuona kwamba mtu ametenda kosa.
Fidia – malipo kwa mtu aliyeumizwa au aliyepata hasara.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mbuzi wa wazee hakuzuia kipigo cha pili?
2. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema nini?
3. Fomu namba 3 hupatikana wapi, na bei yake ni kiasi gani?
4. Mama Chausiku alipata faida gani kwa kujua kusoma na kuandika?
5. Kutoka kijijini kwenu, kituo cha polisi na zahanati viko umbali gani? Usiku mtu atafikaje?

Zoezi la kuandika

Katika ukurasa wa mwisho wa daftari lako, andika majina haya: balozi wako, mwenyekiti wa kitongoji, Mtendaji wa Kijiji, Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na msaidizi wa kisheria aliye karibu. Andika namba za simu zao. Kama humjui mmoja wao, mwulize mwalimu wa kisomo. Kisha mnakilie jirani mmoja asiyejua kuandika.