Spea Mpya ya Zamani: Somo la Kusoma Namba

Mjomba wangu ana Land Rover 109 ya zamani. Mwaka juzi aliletewa silinda ya breki ya gurudumu la nyuma, bado iko kwenye karatasi yake ya nta, haijaguswa na mtu. Akafurahi, akaifunga siku hiyohiyo. Wiki haikuisha. Tunateremka mlima na magunia ya mahindi nyuma, pedali ikazama mpaka chini. Gari lile breki zake ni za mfumo mmoja: gurudumu moja likivuja, yote manne yanakosa breki. Mjomba akashusha gia, akaliegemeza gari kwenye tuta. Tukashuka wazima, ila mimi miguu ilikuwa inatetemeka.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za spea za zamani, hasa za magari ya kijeshi, maana huko ndiko watu wamezichambua kuliko mahali pengine popote. Wanachuo wenzangu, nimeona somo hili linatufaa hata sisi ambao hatuna gari.

Mfano wetu: Jeep ya Vita Kuu ya Pili

Kati ya 1941 na 1945 Marekani ilitengeneza zaidi ya Jeep 600,000. Viwanda vilikuwa viwili: Willys walitoa MB, Ford wakatoa GPW. Jeshi lilitaka spea za hii ziingie kwenye ile, kwa hiyo kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Kwa mtu anayerudisha gari katika hali yake ya kwanza, hapo ndipo kazi ilipo. Anataka GPW yake iwe na spea za GPW.

Spea anayoitafuta zaidi ni ile tunayoweza kuiita "mpya ya zamani": ilitengenezwa enzi zile, ikapakwa grisi nzito ya kuzuia kutu, ikafungwa, ikakaa stoo bila kutumika. Baada ya vita Jeep nyingi zilibaki au zilipelekwa kwenye majeshi ya Ulaya kama Ufaransa, Uholanzi na Norwei, pamoja na spea zake. Majeshi hayo yalipoachana nazo, stoo ziliuzwa. Ndiyo maana mpaka leo spea hizo hupatikana kwenye magulio ya Ulaya na Marekani, likiwemo lile la mikutano ya chama cha Military Vehicle Preservation Association, kilichoanzishwa 1976.

Hatua ya kwanza: soma chuma chenyewe

Ford waligonga herufi F kwenye spea zao nyingi, hata kwenye vichwa vya bolti. Namba zao nyingi huanza na GPW. Chesisi nayo inasema: chuma cha kukatiza mbele cha Willys ni bomba la mviringo, cha Ford kina umbo la U iliyopinduliwa. Ukishapata namba, ilinganishe na katalogi ya jeshi iitwayo SNL G-503, inayoorodhesha spea za Jeep pamoja na namba za viwanda vyote viwili.

Hatua ya pili: soma kibandiko, lakini usikiamini peke yake

Tangu 1974 Marekani hutumia namba za NATO zenye tarakimu 13. Nne za kwanza ni aina ya kitu: kwa mfano 2530 ni breki, stelingi, ekseli na magurudumu. Mbili zinazofuata ni nchi iliyoisajili: 00 na 01 ni Marekani, 99 Uingereza, 14 Ufaransa. Saba za mwisho ni za kitu chenyewe. Kabla ya hapo zilikuwa 11, bila zile mbili za nchi.

Sasa fikiri kidogo. Muuzaji anakuambia, "Hii ni ya 1943," na kibandiko kina tarakimu 13. Je, ni mwongo? Si lazima. Kama kibandiko ni cha Marekani, ni cha 1974 au baadaye. Chuma kilichomo ndani kinaweza kuwa cha zamani kuliko karatasi yake, au kisiwe. Fungua uangalie.

Hatua ya tatu: jihadhari na ndugu

Wafaransa, kupitia Hotchkiss, waliendelea kutengeneza gari la muundo huohuo, M201, mpaka 1966. Spea zake nyingi zinaingia kwenye Jeep, na nyingine ni nzuri kabisa, ila si za vita. Kwenye umeme ndipo utakapoumia: Jeep ya vita ni volti 6, M201 nyingi ni volti 24.

Hatua ya nne: orijino si lazima iwe salama

Hapa narudi kwa mjomba. Chuma kikilindwa na grisi hukaa miaka mingi. Raba haikai, hukauka na kupasuka hata kama hakuna aliyeigusa. Silinda ile ilikuwa orijino kweli, kosa lilikuwa kuifunga na raba zake za zamani. Kanuni ni hii: tunza chuma, badilisha raba. Sili, hosi na raba za breki ziwe mpya za leo. Vilevile usikwangue sahani za geji za enzi ya vita; baadhi zilipakwa rangi ya radiamu ili zing'ae gizani, na vumbi lake ni hatari. Bitana za breki za zamani nazo zina asbesto, usizipulize.

Zoezi

1. Umepewa bolti yenye F na kibandiko chenye tarakimu 13. Nini unakijua kwa hakika, na nini unakisia?
2. Kwa nini mwenye gari asisage namba iliyogongwa kwenye chuma, hata kama anataka rangi ikae vizuri?
3. Chukua rejea moja uliyoitumia kwenye kazi yako ya mwisho. Je, uliifungua, au ulisoma kibandiko tu?

Swali la tatu nilijiuliza mwenyewe kwanza. Sitawaambia nilipata ngapi.