Dondoo muhimu: Kalibu ya kumiminia machubwi ya mshipi

Anayevua kwa mshipi penye miamba hupoteza machubwi mara kwa mara, na kalibu yenye matundu mengi humpunguzia kazi. Lakini usikimbilie ya matundu sita. Kama chombo chako cha kuyeyushia ni kidogo, risasi itapoa kabla tundu la mwisho halijajaa, na chubwi litatoka na makunyanzi. Matundu mawili au matatu yanamtosha mvuvi wa nyumbani.

Kalibu ya alumini ni nyepesi na hupata moto upesi. Ya chuma hutunza joto, ila pwani hushika kutu. Kabla ya kununua, ifunge kalibu uitazame kuelekea juani: mwanga ukipenya kwenye maungio, iache, itavuja.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi. Tone moja la maji ndani ya kalibu hugeuka mvuke ghafla na kukurushia risasi ya moto usoni, kwa hiyo ipashe kalibu moto mpaka ikauke kabisa. Vaa miwani na glavu, fanyia kazi nje, na watoto wawe mbali kweli kweli, maana sumu ya risasi huharibu ubongo wao. Sufuria uliyoyeyushia isirudi jikoni kamwe. Na betri za gari usizipasue kutafuta risasi.