Tanakuzi: Maana na Matumizi Yake

Ndugu msomaji, katika mazungumzo ya dini mara nyingi utamsikia mtu akimwambia mwenzake: "Kitabu chenu kinajipinga." Shtaka hili ni zito, kwani kauli zinazopingana kwa hakika haziwezi kuwa kweli zote mbili, na mapenzi yetu hayawezi kuziokoa. Basi yatupasa kulijua neno lenyewe.

Tanakuzi latokana na neno la Kiarabu naqadha, yaani kufumua kitu kilichosokotwa. Kurani Tukufu yatumia neno hilo katika Sura An-Nahl, aya ya 92 (au ya 93, Bismillahi ikihesabiwa), inapomtaja mwanamke aliyefumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Hivyo tanakuzi ni kauli mbili ambazo moja yaifumua nyingine: hii ikiwa kweli, ile ni uwongo, hii ikiwa uwongo, ile ni kweli. "Kanzu ni nyeupe" na "kanzu ni nyeusi" si tanakuzi, maana yawezekana kanzu ni ya kijani na wasemaji wote wawili wamekosa. Tanakuzi ya "ni nyeupe" ni "si nyeupe".

Wanachuoni wa mantiki wa Kiislamu walihesabu mambo manane ambayo sharti yawe yale yale katika kauli zote mbili: mtajwa, sifa anayopewa, wakati, mahali, sharti, uhusiano, sehemu au kitu kizima, na kuwa kwa uwezo au kwa kutimia. Moja likibadilika, tanakuzi haipo. Hamisi ni baba, naye si baba: ni baba wa Salma, si baba wa Asha. Kokwa ya embe ni mti kwa uwezo, lakini bado si mti. Vivyo hivyo amri ya kufunga Ramadhani na ruhusa ya msafiri kutofunga. Sharti ni mbalimbali.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosa uadilifu, kwa kuwa mizani hii twaitumia kukitetea kitabu chetu na kuificha tusomapo cha wengine. Injili ya Mathayo (1:16) yamtaja Yakobo kuwa baba yake Yusufu, na Luka (3:23) yamtaja Heli. Wakristo wengine hujibu kwamba mmoja ni baba wa kuzaa na mwingine ni baba kwa sheria. Jibu hilo lategemea uhusiano, nalo ni miongoni mwa yale manane. Usilicheke. Mwulize ushahidi wake, kama vile wewe utakavyoulizwa wako.